Jiwe la Tatu

Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, alipoanza kupoteza macho aliwekeana sharti na binti yake mkubwa. Kila Ijumaa asubuhi nilikuwa nampeleka mji wa Qurayyat kwenye kaburi la mkewe, na sharti lilikuwa hili: ataendelea kwenda maadamu anaweza kutoka langoni hadi kaburini peke yake, bila kushikwa mkono. Siku atakayoshindwa, dua ataisomea nyumbani. Binti yake alihofia mawe, mashimo na jua, na safari ndefu ya barabara ya milimani kwa mtu aliyekwishavuka miaka sabini. Ami alikubali kwa sababu alijiamini. Mimi, kwa kuwa ndiye dereva, nikawa ndiye shahidi pia. Kila tuliporudi Maskati, binamu yangu huyo alinipigia simu.

"Leo vipi, kaka?"

Nami nikamweleza nilichokiona, bila kuongeza wala kupunguza. Wote wawili walijua kuwa sina namna nyingine ya kusema, na nadhani ndiyo maana walinikubali.

Makaburi yetu hayaandikwi. Hakuna jina wala tarehe. Kaburi la mwanamume lina mawe mawili yaliyosimama, moja kichwani na moja miguuni. La mwanamke lina matatu, la tatu likiwa katikati. Anayemjua marehemu anajua mahali, na asiyemjua anapita na salamu kwa wote. Kwa mtu mwenye macho, hilo si tabu. Ami, alipoambiwa na daktari kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa na kilichopotea hakirudi, alichofanya kwanza ni kujipangia njia.

Aliipanga wakati bado anaona mwangaza na vivuli. Langoni anaweka kiganja cha kushoto juu ya ukuta mfupi wa makaburini, anatembea hatua ishirini na mbili, mpaka pale ukuta ulipomeguka. Hapo anageuka kulia na kuingia kwenye safu. Kaburi la kwanza ni la mwanamume, la pili la mwanamume, la tatu la mkewe. Yeye hahesabu makaburi, anapapasa mawe kwa ncha ya bakora, kisha anainama na kuyashika kwa mkono. Kaburi la kwanza lenye mawe matatu katika safu ile ndilo lake. Anachutama, anakaa naye kiasi cha dakika arobaini, anarudi.

Mimi humngojea langoni. Sikuwahi kumfuata ndani. Alichokuwa akimwambia mkewe hakikunihusu.

Dakika arobaini kila wiki ni nyingi kwa mtu asiyejua kukaa bure. Shule niliiacha mapema. Kazi yangu ni kutunza stoo ya vipuri katika gereji moja ya Wadi Kabir, na mengine ninayoyajua nimeyapata vitabuni na kwa kufungua vitu nione vimeungwaje. Ni katika kungojea kule, nikisoma kwenye simu, ndipo nilipokutana na mchezo wa kuficha makopo. Watu wa nchi nyingi wanaucheza. Mmoja anaficha kopo lenye daftari dogo mahali pa wazi, mlimani au kando ya njia, na kuandika mtandaoni nambari za mahali hapo kama zinavyosomwa na setilaiti. Mwengine anafuata nambari hizo kwa simu yake, anatafuta, akilipata anaandika siku aliyofika na kulirudisha palepale. Hakuna zawadi. Raha yake ni kujua kwamba kitu kipo mahali ambapo kila mtu anapita na hakuna anayekiona.

Lilikuwepo kopo moja juu ya mji wa zamani wa Maskati, kwenye kilima kinachotazama ukuta wa mji. Nikapanda Jumamosi moja. Kopo la biskuti, limeshika kutu, limefunikwa kwa rundo la mawe ambalo hata mbuzi angelitilia shaka, na daftari limelowa. Nikaandika siku yangu, nikalirudisha, nikashuka nikiwaza jinsi ambavyo mimi ningelifanya.

Niliamua kutengeneza jiwe. Nilianza na dishi la plastiki la kuwekea chakula, refu na jembamba, lenye mfuniko wa kubana na mpira wa kuzuia maji. Nililichagua kwa sababu ya mpira huo tu. Nikalikwaruza nje kwa msasa ili saruji ipate pa kushika, nikalivika wavu mwembamba wa chuma, kisha nikalipaka saruji tabaka baada ya tabaka. Mchanga niliuchukua Qurayyat kwenyewe, nikauchekecha.

"Chujio langu la chai liko wapi?" mke wangu aliuliza.

"Nitanunua jingine."

"Sikuuliza jingine. Nimeuliza lile."

Nikamwonyesha. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akatoka. Kwa siku tatu tulikunywa chai yenye majani.

Jiwe la kwanza lilipasuka kwa kukauka upesi. Nikajifunza kulifunika kwa gunia bichi. La pili lilikauka vizuri lakini uso wake ulikuwa laini kama mkate. Nikajifunza kubandika chumvi ya mawe kwenye saruji kabla haijashika na kuiosha baadaye, ikaacha vitundu kama vile vinavyoachwa na miaka. Rangi ndiyo iliyonichosha. Nilidhani mawe ni ya kijivu. Nikaenda na daftari, nikakaa nje ya ukuta wa makaburini nikiyatazama mawe ya mteremkoni Ijumaa mbili mfululizo, nikagundua kwamba hakuna hata moja la kijivu. Upande wa juu, unaopigwa na jua, una hudhurungi iliyoungua, karibu na weusi. Upande uliolalia udongo ni mweupe wenye umanjano. Anayeliona jiwe lenye rangi moja pande zote, jicho lake linakataa hata kabla akili haijajua kwa nini. Kwa hiyo jiwe la tatu nililipaka chai iliyochemshwa mpaka ikawa kama lami, juu yake rangi ya maji iliyozimuliwa, na kabla haijakauka nikalipulizia vumbi la palepale. Chini nililiacha jeupe. Mfuniko ulikuwa huko chini, na mstari wake ulikuwa mwembamba kama ufa wa ukucha. Ndani niliweka daftari na kalamu ya risasi, nikavizungushia kitambaa visigongegonge.

Nikaandika masharti ya kujifungia mwenyewe. Lisiwe kwenye mali ya mtu. Lisimlazimishe mtu kupanda mahali pa hatari. Lisiwe makaburini. Mahali nilipopakusudia palikuwa kwenye bonde moja kavu, kando ya barabara ya kurudi Maskati, mbali na nyumba na mbali na makaburi.

Lakini kabla ya hapo nilitaka kulijaribu kwa mwezi mmoja, nione jua na umande vitalifanya nini. Na mahali nilipokuwa na hakika ya kufika kila wiki ni pale pale nilipokuwa nikimngojea ami. Nikaliegemeza kwenye mwamba, nje ya ukuta, hatua kama thelathini mteremkoni. Siku ile nilipogeuka na kulitazama kutoka langoni sikuliona, nikalazimika kurudi kuhakikisha lipo. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimepima uzito, rangi, vitundu, maji. Sikuwa nimejiuliza jambo moja: mtu wa pale akikuta jiwe refu, jembamba, bapa, lenye urefu wa mkono, karibu na makaburi, atadhani ni la nini.

Wiki ya tatu ikanyesha mvua kubwa. Barabara ilifungwa kwa maji ya mabondeni, hatukwenda. Ijumaa iliyofuata tulikuta udongo umechimbika mifereji, na mawe madogo yametawanyika. Jiwe langu halikuwepo. Nikatafuta kuteremka mpaka maji yalikoishia, nikakata tamaa. Nilijua saruji inavunjika.

Nikarudi langoni, na nikamwona ami.

Alikuwa amechutama kwenye kaburi la pili.

Nikahesabu tena. Nilipo mimi, makaburi ya safu ile huonekana kwa ubavu, na mawe yake yanachanganyika na mawe ya safu za nyuma. Lakini mtu huonekana. Alikuwa amesimama pungufu kwa kaburi moja. Mkewe alikuwa mbele yake hatua nne, na yeye ameinamisha kichwa akizungumza na mtu mwengine kwa dakika arobaini kamili.

Kwenye gari nilimuuliza, "Ami, umemkuta?"

"Nimemkuta. Kwa nini?"

"Nilidhani mvua imeharibu njia."

"Mvua haiharibu ukuta," alisema. "Washa hicho kiyoyozi, wewe, nnaungua."

Siku ile binamu yangu alikuwa na wageni, hakupiga simu. Nami sikupiga. Nilijiambia kwamba kosa moja si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuteleza hatua moja baada ya mvua. Ijumaa ya pili nilisimama langoni tangu alipoweka kiganja ukutani. Hatua ishirini na mbili. Akageuka pale pale panapopaswa. Kaburi la kwanza akaligusa kwa bakora, akapita. La pili akaligusa, akainama, akapapasa kichwani, katikati, miguuni, akachutama.

Simu ililia nimeshamshusha ami, kabla sijafika nyumbani.

"Leo vipi, kaka?"

Nikaegesha gari kando ya barabara. Kisha nikamwambia. Nikamwambia pia ya Ijumaa iliyotangulia. Nilisema alikuwa anatembea vizuri, hakujikwaa, ila anasimama kaburi la pili na anadhani ni la tatu.

Alivuta pumzi. "Basi. Khalas. Afadhali tumejua sasa." Halafu, kwa sauti ya chini: "Masikini baba."

Siku hiyo hiyo alimwambia baba yake kwamba safari zimekwisha. Jumatatu nikaenda kumtazama ami. Alikuwa amekaa sebuleni, bakora imelala miguuni, redio imezimwa. Alinitambua kwa hatua.

"Shahidi amefika," alisema. "Karibu, shahidi. Kaa."

Nikakaa.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi, ami."

"Umehesabu ngapi?"

"Makaburi mawili. Umesimama la pili."

"Hukupoteza hesabu?"

"Ijumaa mbili, ami. Nimehesabu kila mara zaidi ya mara moja."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kwamba mwenzake hasemi uongo. Kisha akaninyooshea vidole vitatu.

"Mimi nimeshika mawe matatu. Kichwani, katikati, miguuni. Macho yangu yamekufa, yaa weledi, mwanangu. Mikono hii haijafa. Nimeshika matatu."

Binti yake, aliyekuwa mlangoni na sinia ya kahawa, alinitazama kunisihi nisibishane naye. Lakini sikuwa nabishana. Nilikuwa na maelezo mawili ya kitu kimoja, kila moja kutoka kwa mtu asiyesema ovyo, na yote mawili hayawezi kuwa kweli ila kama kuna jambo la tatu ambalo hakuna aliyelitazama. Kazini, kipuri kikiwa sahihi kwenye karatasi na hakiingii kwenye injini, hatumwiti mtu mwongo. Tunakwenda kuitazama injini.

Jumamosi nikaenda Qurayyat peke yangu, na kwa mara ya kwanza nikaingia ndani. Hatua ishirini na mbili, kulia, kaburi la kwanza: mawe mawili. Kaburi la pili: mawe matatu.

Nilisimama pale nikisoma hali ile kwa njia ya kawaida. Nikafikiri kwamba labda siku zote lilikuwa la mwanamke, na sote tulikosea. Nikatazama jiwe la katikati, lilivyosimama sawa, lilivyoungua juu, na udongo ulivyoshindiliwa vizuri kwenye kitako chake. Nilifikiri ni jiwe zuri. Kisha nikaona, juu kidogo ya udongo, mstari mwembamba kama ufa wa ukucha.

Nilikuwa nimelitazama kwa muda wa kutosha, kwa karibu, mchana kweupe, na sikulijua.

Kulikuwa na mzee mmoja upande wa pili, anasukuma toroli la udongo. Alikuwa dereva wa lori la maji, amestaafu, na makaburi yale anayatunza kwa hiari yake. Nikamuuliza kwa Kiarabu kuhusu jiwe lile.

"Maji yalikuwa yamelitoa," alinieleza. "Nimelikuta nje huko, chini ya ukuta, limelala. Nikasema hili limetoka humu. Nikapita safu zote kutafuta pengo, nikaona hapa pameliwa na maji katikati. Nikalirudisha." Akajipapasa kiuno. "Lilikuwa jepesi, alhamdulillahi. Mgongo wangu huu hauna kazi tena."

Nilimweleza jiwe lile ni nini. Ilinichukua muda, kwa sababu ilinibidi nieleze kwanza mchezo, na kila nilipoendelea niliona uso wake ukijaribu kunisaidia. Mwisho aliuliza, "Na ndani yake mna nini?"

"Daftari."

"La nini?"

"La kuandika kwamba umeliona."

Akafikiri. "Mimi nililiona," alisema, "na sikuandika." Tukaling'oa pamoja. Shimo akalijaza yeye mwenyewe, akalisawazisha kwa kiganja, na hakunilaumu kwa neno moja.

Nililipakia kwenye buti, na njia nzima nilikuwa nawaza namna ya kulisema. Hakukuwa na namna. Nilifika kwa ami, nikaliweka mapajani mwake, nikamwambia, "Hili ndilo la katikati. Nimelitengeneza mimi."

Alilishika kwa mikono miwili. Aliligeuza. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaligonga tena.

"Tupu," alisema.

"Ndiyo, ami."

"Nililishuku, tena. Mengine yalikuwa baridi, hili linashika vuguvugu la jua upesi. Nikasema labda ni mkono wangu." Akaendelea kulipapasa mpaka ukucha wake ukapata mstari. Akaufungua mfuniko. Akatoa daftari, akalipekua kurasa zake tupu kwa kidole gumba, akalirudisha. Mimi nikamweleza yote, tangu dishi la chakula mpaka toroli. Binti yake alikuwa amesimama akisikiliza, mikono kiunoni.

"Kaka," alisema, "na utu uzima wako huo unacheza na mawe?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimemwambia baba yangu kwamba amechanganyikiwa."

"Umemwambia kwa sababu nilikwambia mimi. Nilichokwambia kilikuwa kweli, lakini sikukitazama mpaka mwisho. Samahani. Kwenu nyote wawili."

Alikaa kitini karibu na baba yake, akalichukua lile jiwe, akaona lilivyokuwa jepesi, akalirudisha kana kwamba limemchoma. Nikaona macho yake yamejaa maji, na nikafahamu kwamba wiki ile nzima yeye ndiye aliyekuwa amebeba uzito zaidi kuliko sisi. Alikuwa amemfungia baba yake mlango akiamini anamhifadhi.

"Baba," alisema. "Ijumaa unakwenda?"

"Nnakwenda," ami alisema. "Nani kasema siendi?"

Halafu ami akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia.

"Yule bwana," alisema. "Ijumaa mbili. Nimemsomea dua mtu nisiyemjua. Tena nimemwambia habari zote za nyumbani. Nimemwambia jokofu limeharibika." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Nimemwambia nimemtamani, yaa weledi. Sijui amenionaje."

Binti yake ndiye aliyeanza kucheka kwa sauti. Mimi nilichelewa kidogo, kama kawaida yangu.

Kuhusu jiwe, nililivunja kwa nyundo nyuma ya gereji. Nililotengeneza baadaye ni la mviringo, halifanani na kitu cha kazi yoyote, na kabla ya kulipeleka bondeni nilimpelekea ami. Alikaa nalo nusu saa. Alinionyesha mahali pawili palipokuwa pakilidanganya jicho tu na si mkono, nikaparekebisha. Lipo mpaka leo, na daftari lake halijalowa.

Ijumaa iliyofuata nilisimama langoni. Kiganja ukutani, hatua ishirini na mbili, kulia. Kaburi la kwanza akaligusa, akapita. La pili akaligusa kichwani, akapapasa katikati palipo patupu, akagusa miguuni. Mawili. Nilingoja apite.

Hakupita. Aliinama pale, akasema maneno machache, mafupi, kama mtu anayemsalimu jirani juu ya ukuta. Kisha akajiinua kwa bakora, akapiga hatua nne mbele, na akachutama kwa mkewe.

Sasa anafanya hivyo kila wiki. Nilipomuuliza, alisema yule bwana ameshazoea, na si vizuri kumkatia mtu mazungumzo ghafla. Simu ikilia, nikiulizwa leo vipi, ninasema: amesimama la pili, halafu amefika la tatu. Binamu yangu anajibu, "Tayyib," na haulizi zaidi.